CHIANTI: kanzidata ya bure ya atomu kwa wanaosoma mwanga wa korona ya jua, haya ndo maoni yangu

Wadau wa fizikia na anga, leo naongelea kitu ambacho nimekitumia kwa muda mrefu na sijaona mtu akikifanyia tathmini kwa Kiswahili: CHIANTI, kanzidata ya atomu ambayo watu wengi sana wanaosoma spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa wimbi) ya korona ya jua wanaitegemea kila siku. Ni ya bure, hulipii chochote, unashusha faili, unaliweka kwenye kompyuta yako, unaanza kazi. Ila mimi siisifii kwa sababu ni ya bure. Naisifia kwa sababu inakubali kupimwa na jua lenyewe, ikionekana namba fulani hailingani na kilichoonekana kwenye anga watu wanarudi mezani wanapiga hesabu upya, na toleo linalofuata linakuja na namba mpya pamoja na jina la aliyezipiga.

Kwa ambaye sio fani yake ngoja nieleze shida ilipo. Korona ni tabaka la nje la jua, joto lake ni nyuzi milioni moja, mbili na kuendelea, wakati uso tunaouona uko kwenye nyuzi 5,500 hivi. Kwenye joto kama hilo chuma kinapoteza elektroni nane, tisa, kumi na moja, kumi na tatu, na kila ayoni (atomu iliyopoteza elektroni) inatoa mistari yake ya mwanga, mingi ikiwa kwenye urujuanimno mkali ambao hewa yetu haiupitishi kwa hiyo lazima chombo kipande juu. Ukishapata spektra unakuwa na vitu viwili tu, urefu wa wimbi na mng'ao wa kila mstari. Kutoka hapo mpaka useme "hapa joto ni kiasi hiki, na kwenye sentimita moja ya ujazo kuna elektroni kadhaa" unahitaji kujua elektroni ikigonga ayoni ina uwezekano gani wa kuipandisha ngazi fulani ya nishati, na ikishapanda itashuka kwa kasi gani, kupitia mstari upi. Kati ya namba hizi, chache ndo zimepimwa maabara, nyingi ni mahesabu mazito ya kompyuta. Sasa hesabu ikiwa na kasoro, joto ulilolipata lina kasoro, msongamano una kasoro, na grafu yako bado itaonekana nzuri tu.

Na hili halikuanza jana. Tarehe 7 Agosti 1869 jua lilipatwa kule Marekani, watu wakaona mstari wa kijani kwenye korona, kwenye 5303 Angstrom (Angstrom moja ni sehemu ya bilioni kumi ya mita), haukufanana na elementi yoyote iliyojulikana, basi wakaamini ni elementi mpya wakaiita koroniamu. Ilichukua miaka 70 hivi mpaka Grotrian mwaka 1939 na Edlén mwanzoni mwa miaka ya 1940 kuonyesha kwamba ni chuma kilekile tunachokijua, kikiwa kimepoteza elektroni 13, yaani Fe XIV (Fe ni chuma, na namba ya Kirumi huzidi kwa moja idadi ya elektroni zilizopotea). Na hapo ndo watu walipokubali kwamba korona ina joto la milioni. Mstari ulikuwa unaonekana muda wote huo, kilichokosekana ni data ya atomu ya kuusomea.

CHIANTI yenyewe ilitangazwa rasmi kwenye makala ya mwaka 1997. Waanzilishi ni pamoja na Ken Dere aliyekuwa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, Helen Mason wa Cambridge, na Brunella Monsignori Fossi wa kituo cha Arcetri, Florence, ambaye alifariki 1996 kabla hata makala haijatoka. Baadaye Enrico Landi, Peter Young na Giulio Del Zanna wakawa nguzo zake. Jina ni la vilima vya zabibu vya karibu na Florence. Toleo la 11 limetoka 2024, kwa hiyo tunaongelea kazi ya zaidi ya miaka 25 ambayo haijasimama.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba unaweza kufungua faili ukasoma kwa macho yako. Hakuna kilichofichwa. Ingia folda ya fe, halafu fe_12, utakuta fe_12.elvlc ambalo lina ngazi za nishati, na kwa kila ngazi kuna safu ya thamani iliyopimwa na safu ya thamani ya nadharia, zimekaa pembeni kwa pembeni. Kuna fe_12.wgfa lenye urefu wa mawimbi na kasi ya kila ngazi kushuka, na fe_12.scups lenye data za migongano ya elektroni. Shuka mpaka chini ya faili utakuta maelezo data imetoka kwa nani na makala ya mwaka gani. Na kuna kitu kidogo ambacho wageni wengi wanakipita: kwenye wgfa urefu wa wimbi ukiwa na alama ya kutoa mbele yake, maana yake mstari huo haujathibitishwa kwa kipimo, umetokana na nishati za nadharia. Mstari wa namna hiyo unaweza kuwa umekaa mbali kabisa na pale mstari halisi ulipo. Ukikuta kwenye spektra yako mstari usiojulikana na CHIANTI inakupa mstari wa nadharia karibu na hapo, tafadhali usiandike jina la ayoni kwa haraka, hivyo ndivyo makosa yanavyozaliwa na kuenea kwenye makala za watu wengine.

Sasa twende kwenye jaribio lenyewe, hapa ndo penye utamu. Hinode, chombo cha anga cha kutazama jua, ilirushwa Septemba 2006, na ndani yake kuna spektromita inaitwa EIS inayoona kuanzia Angstrom 170 hadi 211 hivi na 246 hadi 292. Mstari mkali kuliko yote kule ndani ni wa Fe XII kwenye 195.12. Pembeni kuna kundi la Fe XII kwenye 186.88, ambalo kwa kweli ni mistari miwili iliyobanana. Uwiano wa 186.88 kwa 195.12 unapanda msongamano unapopanda, kuanzia elektroni milioni mia kwa sentimita ya ujazo mpaka bilioni mia, kwa sababu 195 inalishwa zaidi na ayoni zilizo kwenye ngazi ya chini kabisa, na 186 inalishwa na ayoni zilizokwama kwenye ngazi za juu kidogo ambazo haziwezi kushuka haraka, na elektroni zikiongezeka na hizo ngazi zinajaa zaidi. Kwa hiyo unapima mistari miwili, unagawa, unasoma msongamano. Rahisi na nzuri sana.

Ila kuna Fe XIII nayo. Inatokea kwenye joto linalokaribiana na la Fe XII, nayo ina uwiano wake, 203.8 kwa 202.04. Kama gesi ni ileile jibu linapaswa kukaribiana. Mwaka 2009 Peter Young na wenzake walipochukua data ya EIS wakapima kwa umakini mkubwa, Fe XII ikawa inatoa msongamano mkubwa kuliko Fe XIII, sehemu nyingine tofauti ikikaribia mara tatu. Sio kosa la kupima, mistari ni mikali, hesabu za takwimu ziko safi. Yaani ayoni mbili za chuma kilekile, sehemu ileile ya jua, zinabishana.

Na Young mwenyewe ni mmoja wa wanaotunza hiyo kanzidata! Naomba hili tulipe uzito wake. Watu wenye bidhaa ndo waliochapisha kwamba bidhaa haiko sawa pale. Baadaye, 2012, Del Zanna, Storey, Badnell na Mason wakapiga upya hesabu ya Fe XII kwa mfano (modeli) mkubwa zaidi wa atomu, wenye ngazi nyingi za juu ambazo zinamwaga elektroni zake kushuka na kuzijaza zile ngazi zinazokwama. Ngazi zikijaa zaidi, uwiano uleule ulioupima unamaanisha msongamano mdogo zaidi, na hapo Fe XII ikateremka kuelekea kwa mwenzake. Data hiyo ikaingia kwenye toleo la 8 mwaka 2015. Sasa fikiria makala zote za kabla ya hapo zilizotumia Fe XII kupima msongamano. Spektra zake ni nzuri mpaka leo, namba za msongamano ndo za kuangaliwa upya. Ndo maana nikisoma makala ya korona naanza kutafuta wametumia toleo la ngapi, kama hawajasema naisoma kwa tahadhari.

Njia ya kujaribu ambayo mimi naipendekeza ni ile Del Zanna ameitumia kwenye mfululizo wa makala zake za kupima data za atomu, zilizoanza na Fe X mwaka 2004. Unachukua mistari mingi ya ayoni moja, kila mstari unachora mng'ao ulioupima ukiugawa kwa mng'ao ambao kanzidata inautabiri, kwa misongamano tofauti tofauti. Kama kila kitu kiko sawa mikunjo yote inakutana sehemu moja, na pale inapokutana ndo msongamano wako. Mkunjo mmoja ukipita juu sana ya wenzake, kwanza shuku kwamba kuna mstari wa ayoni nyingine umejificha pale pale. Kama mistari miwili inaanzia ngazi moja ya juu, uwiano wao hautegemei joto wala msongamano, ni kasi ya kushuka tu, kwa hiyo wakigombana tazama kalibresheni ya chombo (usawazishaji wa vipimo vyake) kabla hujalaumu atomu. EIS nayo imechoka kadiri miaka inavyoenda kama vyombo vyote vya huko juu, na kalibresheni yake ilibidi irekebishwe 2013 na 2014. Ukisahau hilo utatumia wiki nzima kulaumu mahesabu ambayo hayana hatia. Kwa Fe XII kuna kipimo kizuri cha haraka, mistari ya 192.39, 193.51 na 195.12, uwiano wa miwili ya kwanza kwa huo wa tatu ni kama 0.31 na 0.67 na hautegemei msongamano sana, ukipata kitu tofauti sana ujue kuna jambo, ama chombo, ama mwanga wa 195 umemezwa njiani kwenye sehemu zenye gesi nzito.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu unahusu picha ambazo kila mtu anazo kwenye simu yake. Zile picha za jua za rangi rangi za SDO, chombo kilichorushwa Februari 2010, zinatoka kwenye kamera ya AIA yenye chaneli kadhaa, na mojawapo ni ya 94 Angstrom. Ililengwa kuona Fe XVIII, chuma cha joto la nyuzi milioni 7 hivi. Lakini hata sehemu tulivu za jua, ambazo hazina joto hilo kabisa, ziliwaka kwenye 94 kuliko kanzidata ilivyotabiri. Ukiamini kanzidata bila kuuliza utasema kuna gesi ya milioni 7 imetapakaa kila mahali! Ukweli ni kwamba kulikuwa na mistari ya ayoni za chuma za joto la chini, kama Fe IX na Fe X, na Fe XIV pia, ambayo mingi haikuwemo kwenye orodha.

Na jinsi walivyolithibitisha ni kazi nzuri mno. Kwa eneo hilo la mawimbi jua halikuwa na spektra za kutosha zenye mistari iliyochanganuliwa vizuri, basi Paola Testa, Jeremy Drake na Enrico Landi wakatumia nyota nyingine, Procyon, ambayo korona yake ina joto la wastani linalofanana na la jua tulivu, na ambayo darubini ya eksrei ya Chandra ilikuwa imeshaichukulia spektra. Makala yao ya 2012 ikaonyesha kwamba kwenye eneo hilo la mawimbi kanzidata zinapungukiwa mwanga mwingi. Mwaka 2013 likatoka toleo la 7.1 la CHIANTI, kazi yake kubwa ikiwa ni kuziba pengo hilo la eksrei laini. Hapo katikati watu wa AIA walikuwa wanatumia marekebisho ya kubandika ili 94 isiwadanganye. Nyota ya mbali ikatumika kusahihisha picha za jua letu, mimi hii habari kila nikiwasimulia wanafunzi naona macho yanavyowatoka.

Nisiseme kwamba kila wakati nadharia ndo yenye kosa. Fe XVII ina mistari miwili maarufu ya eksrei, 15.01 na 15.26, na kwa miaka mingi uwiano uliopimwa kwenye jua, kwenye nyota na maabara ulikuwa mdogo kuliko nadharia. Mwaka 2012 jaribio la leza ya eksrei kule Stanford likapata 2.61, nadharia ikiwa juu ya hapo sana, watu wakaanza kusema hesabu za atomu ndo mbovu. Halafu 2022 kikundi kilichofanya kazi Hamburg na chombo chenye uwezo mkubwa zaidi wa kutenganisha mawimbi kikapata 3.51, sawa na nadharia. Kwa hiyo unapolinganisha spektra na kanzidata, shuku pande zote mbili, na maabara pia.

Mapungufu yapo, nayasema bila kuzunguka. Kubwa kwangu ni kwamba namba haziji na makadirio ya makosa. Unapewa kasi ya mgongano, huambiwi inaweza kuwa imepotoka kwa asilimia ngapi, na kwa kazi ya kupima msongamano hilo ni tatizo kabisa. Mwaka 2018 kuna kikundi cha watu wa takwimu na wa anga walijaribu kuingiza mashaka ya data za atomu kwenye uchambuzi wa Fe XIII, ni mwanzo mzuri, natamani ije kuwa sehemu ya kawaida ya kifurushi. Pili, mfano wa msingi unachukulia gesi imetulia, elektroni zina mgawanyo wa kawaida wa kasi, na mwanga unatoka bila kumezwa. Kwa mlipuko wa jua unaobadilika kila sekunde dhana hizo zinaweza kuvunjika. Tatu ni zile ayoni sugu, C IV, N V, O VI na Si IV (za kaboni, naitrojeni, oksijeni na silikoni), ambazo tangu enzi za Skylab, kituo cha anga cha Marekani cha miaka ya 1970, zinaonekana kuwaka kuliko mifano inavyosema. Toleo la 11 limeingiza athari za msongamano na kubadilishana elektroni kati ya ayoni na atomu katika kuhesabu ni ayoni ngapi zipo kwenye joto gani, na mistari ya lile tabaka jembamba lililo chini tu ya korona imesogea kuelekea kwenye vipimo. Haijamalizika, ila ni hatua ya maana na kwa hilo tu nawashauri mliobaki na matoleo ya zamani mhame.

Upande wa matumizi, una njia mbili. Programu za IDL (lugha ya kompyuta ya uchambuzi wa data) ndo za asili na zina vitu vingi, ila IDL yenyewe ni ya kulipia na kwa mwanafunzi wa huku kwetu bei hiyo haifai hata kuizungumzia. Njia ya pili ni ChiantiPy ya Python, bure kabisa, na ndo ninayowaelekeza watu. Unashusha kanzidata, unaweka anuani ya folda kwenye kigezo kinachoitwa XUVTOP, hiyo hatua usipoifanya vizuri hakuna kitakachofunguka. Halafu unaita ayoni ya fe_12, unaipa joto na orodha ya misongamano, unaomba uwiano wa mistari, linatokea dirisha unachagua mistari yako na grafu inatoka. Kwa ayoni moja hata laptop ya kawaida inatosha. Ukitaka spektra nzima ya elementi zote jiandae kusubiri, au tumia ile njia ya kugawa kazi kwenye prosesa kadhaa.

Wengine wataniuliza kuhusu washindani. NIST, kanzidata ya taasisi ya viwango ya Marekani, ukitaka urefu wa mawimbi na nishati zilizohakikiwa na wataalamu, ni pazuri sana, mimi hufungua zote mbili kwa pamoja, lakini haikupi migongano ya elektroni ya kutengenezea mfano wa korona. AtomDB imekaa zaidi upande wa eksrei na nyota, ina ubora wake. OPEN-ADAS ina mengi ya watu wa mitambo ya muunganiko wa nyuklia. Kwa korona ya jua kwenye urujuanimno, CHIANTI bado sijaiona inayoizidi.

Kwa ndugu zetu mlioko Saudia, na walioko Misri au Somalia, tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu, njia inapita Luxor, Jeddah na Makka, kisha Yemen na kaskazini mwa Somalia, na karibu na Luxor giza litazidi dakika sita. Mwenye spektrografu ndogo na darubini anaweza kuuona ule mstari wa kijani wa 5303 na mwekundu wa 6374 wa Fe X, na yote miwili imo ndani ya CHIANTI. Pima uwiano wake sehemu mbili tatu za korona, linganisha na toleo la 11, na ukiandika matokeo weka namba ya toleo, joto na msongamano ulioutumia. Vikikosekana hivyo, hakuna atakayeweza kurudia hesabu yako.